Malaria Nne

Kabla vipimo vya haraka havijaenea, mgonjwa aliyetoka zahanati hakusema tu kwamba ana malaria. Alisema anazo ngapi. "Nimekutwa na malaria nne." Jirani aliyeegemea baiskeli angemjibu kwamba yeye juzi alikuwa nazo kumi na mbili na bado alikwenda kupalilia mpunga. Kipimo kikirudiwa baada ya dozi na kusoma mbili, nyumba nzima ilipumua: zinashuka. Lugha hiyo ilikuwa ya Tanzania nzima, na ukikaa leo kwenye benchi la kusubiri majibu, Michenga au kwingine katika bonde la Kilombero, bado utaisikia kwa watu wazima.

Mimi siicheki. Nyuma ya ile nne kuna mtu aliyeketi kwenye stuli, macho yakiwa kwenye hadubini, akahesabu kweli. Tatizo liko kwetu tunaoipokea. Tunaichukua kama kilo nne za mchele, ilhali aliyeihesabu, kama ni fundi, anajua kwamba ni namba ya tabia nyingine kabisa.

Nne hiyo ni vimelea vinne vilivyoonekana wakati msomaji wa slaidi akihesabu chembe nyeupe za damu 200. Hakupima mwili, wala hakulimaliza tone. Kwa desturi ya maabara, mikrolita moja ya damu huchukuliwa kuwa na chembe nyeupe 8,000, kwa hiyo chembe 200 ni sehemu moja ya 40 ya mikrolita: nukta ya damu ndogo kuliko kichwa cha pini. Zidisha nne kwa 40, unapata vimelea 160 kwa kila mikrolita. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, yaani mikrolita milioni tano. Malaria nne, kwa hesabu hiyo, ni vimelea milioni 800.

Bonde hili lina sababu ya kuwa shule ya hesabu hizo. Masika yakikolea, mto Kilombero huvimba na kulala juu ya tambarare, na watu wa Ifakara, Michenga, Idete na Namawala huhamia mashambani, wakalala kwenye madungu kuulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mbu hawakosi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Namawala walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Wakati huo maabara ya Ifakara ilikuwa na miongo mitatu na ushee: ilianzishwa mwaka 1957 na Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki ya mjini Basel, chini ya Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama ambaye alivutiwa na papasi na homa yao kuliko hata mbu. Tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Majina yamebadilika, lakini tangu zama za Geigy kazi ya kuitazama damu kwenye kioo haijakoma.

Na hapa kuna jambo ambalo daktari wa Ulaya hulipata kwa shida. Kwa mgeni kutoka Basel, kimelea kimoja kwenye damu ni ugonjwa. Kwa mtoto wa Kilombero wa miaka ile, vimelea vilikuwa jambo la kawaida. Wengi walikuwa navyo na bado walikimbia uwanjani na kula wakashiba. Mtoto akiletwa na homa, kuuliza kama ana vimelea hakukusaidia sana, maana huenda homa ni ya kifua na vimelea ni wapangaji tu. Swali lenye maana lilikuwa vingapi. Ndiyo maana hapa kuhesabu kuligeuka kuwa ufundi wa kusomewa na kushindaniwa.

Ufundi wenyewe huanza mbali na hadubini. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto hufutwa kwa spiriti na kuachwa kikauke, kwa sababu spiriti iliyobaki huharibu damu. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu. Linalofuata huwekwa kwenye kioo na kutandazwa kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara la upana wa milimita kama 12. Unene wake una kipimo cha wahenga wa maabara: weka slaidi ikiwa bado mbichi juu ya gazeti, herufi zikisomeka kwa shida kidogo kupitia damu, unene ni sawa. Zikisomeka vizuri mno, damu ni haba. Zisiposomeka kabisa, tone litabanduka lote wakati wa kuoshwa, na hutajua kilichokwenda na maji.

Kisha hukauka ikiwa imelala bapa, bila kuwekwa juani wala kupelekwa karibu na moto. Hapo ndipo watu wenye haraka wanapoharibu. Joto huikaanga hemoglobini kwenye kioo, na badala ya tone kuwa wazi linabaki na wekundu mzito usiopenyeka. Katika unyevu wa Ifakara kukauka huko si kwa dakika mbili, na ukiiacha slaidi wazi, nzi na mende hula damu hiyo. Wanaila kweli, na kuacha mashimo yenye kingo safi kama yaliyokatwa kwa makusudi.

Inafuata rangi. Gustav Giemsa aliichanganya Hamburg mwaka 1904, na hadi leo hakuna iliyoiondoa kwenye kiti chake. Ya haraka ni asilimia 10 kwa dakika 10 hivi. Ya utafiti ni asilimia 3 kwa dakika 45 au zaidi, na mafundi huipenda hii ya taratibu kwa sababu haijengi uchafu. Maji ya kuichanganyia lazima yawe na pH ya 7.2. Maji yenye asidi huufanya wekundu uzidi na buluu ififie, na maji ya kisima hayaulizi fundi anataka pH gani. Rangi ikishaiva haimwagwi kwa kuinamisha slaidi: juu yake kuna utando wa kung'aa, na ukiinamisha, utando huo hulala juu ya damu na kuacha chembechembe zinazofanana sana na vimelea. Fundi humimina maji taratibu pembeni ili utando uelee na kuondoka wenyewe. Ni sekunde chache za mkono uliotulia, na nusu ya makosa yatakayofanywa baadaye kwenye hadubini yanazuiwa au kuzaliwa hapo.

Ndipo mtu anaketi. Tone la mafuta, lenzi ya 100, ukuzaji wa mara 1,000. Chembe nyekundu hazipo tena, zimepasuka ndani ya maji ya rangi. Zimebaki viini vya zambarau vya chembe nyeupe na, kama vipo, vimelea: pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu, au kipande cha pete, au nukta na mkwaruzo wa buluu tu. Kimelea halali kina rangi zote mbili. Nukta nyekundu pekee ni uchafu. Buluu pekee huenda ni chembe sahani. Mkono wa kushoto unabonyeza kihesabio cha vimelea na wa kulia cha chembe nyeupe, au kinyume chake, na slaidi inasogezwa kwa mstari ili eneo moja lisisomwe mara mbili. Akifika chembe nyeupe 200 akiwa na vimelea 100 au zaidi, anasimama. Akiwa na pungufu, anaendelea mpaka 500. Akiwa hajaona chochote, haruhusiwi kuandika "hakuna" kabla hajapita maeneo 100 ya lenzi. Slaidi moja isiyo na kitu huchosha kuliko kumi zilizojaa, na kwa maoni yangu mtu anayeandika "hakuna" saa nane mchana kwa uaminifu uleule wa saa mbili asubuhi anastahili mshahara mkubwa kuliko anaoupata.

Sasa mpe msomaji huyohuyo slaidi ileile kesho, bila kumwambia. Jana alisoma nne. Leo atasoma ngapi?

Wanasayansi hutenganisha mambo mawili ambayo sisi wengine huyatia kapu moja. Kuna uthabiti, yaani vipimo vinavyorudiwa kukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Na kuna usahihi, yaani vipimo kuukaribia ukweli wa kitu kinachopimwa. Tuanze na uthabiti, maana ndio unaoumbua ile nne. Vimelea havikupangwa kwa usawa ndani ya tone. Vimetawanyika kwa bahati. Chukua damu ambayo kwa wastani wake kamili ina vimelea vinne kwa kila chembe nyeupe 200, kisha isomwe mara 100 katika maeneo tofauti na wasomaji wasiokosea kabisa. Karibu mara 20 tu watapata nne. Zilizobaki watapata tatu, tano, mbili, saba. Kuanzia moja hadi nane hakuna la kushangaza. Mara mbili hivi hawataona kitu. Hakuna aliyezembea. Ni bahati ya kutawanyika, na hesabu yake inajulikana: mtikisiko wa idadi kama hiyo ni kipeuo cha pili chake. Nne hutikisika kwa mbili, ambayo ni nusu yake. Mia nne hutikisika kwa 20, ambayo ni asilimia tano. Ndiyo sababu msomaji aliyeona vimelea vichache anaamriwa aendelee hadi chembe 500. Uthabiti hapa hununuliwa kwa muda wa kukaa kwenye stuli.

Kwa hiyo yule aliyeshuka kutoka malaria nne hadi mbili huenda hakushuka popote. Na jirani yake mwenye kumi na mbili yaelekea alikuwa amemzidi kweli, ingawa hata hilo si la hakika.

Usahihi ni kesi nyingine, na hauponywi kwa kuketi. Kila aliyeuza mpunga Kilombero anaijua mizani ya mlanguzi. Haiyumbi. Weka gunia mara kumi, itasoma kilo 92 mara kumi, na uthabiti wake huo ndio unaomfanya mkulima akate tamaa ya kubishana, ingawa nyumbani amepima na kupata 100. Kurudia kupima hakusaidii. Kunaongeza imani tu katika namba isiyo kweli. Katika slaidi, mizani hiyo ni ile 8,000.

Hakuna aliyekuhesabia chembe zako nyeupe. Msomaji amezihesabu 200 na kudhani kwamba katika mikrolita yako zimo 8,000. Watoto wadogo mara nyingi wanazo zaidi. Malaria kali huweza kuzipunguza. Mtoto aliyesomwa vimelea 150 kwa chembe 200 ataandikiwa 6,000 kwa mikrolita. Kama damu yake ina chembe nyeupe 12,000, ukweli ni 9,000. Kama zimeshuka hadi 5,000, ukweli ni 3,750. Wasomaji wawili hodari watakubaliana juu ya 6,000, watapeana mikono, na wote wawili watakuwa mbali na damu ya mtoto kwa umbali uleule, upande uleule.

Kwa nini basi namba hiyo haijaachwa? Kwa sababu mashine ya kuhesabu chembe nyeupe haikuwa kila mahali, na kwa sababu kila maabara ikidhani 8,000, takwimu za Ifakara zinalinganishika na za Gambia au Papua New Guinea. Dunia ya malaria ilikubali kupoteza usahihi kidogo kwa kila mgonjwa ili ipate uthabiti kati ya nchi na nchi. Sioni kama ni biashara mbaya. Ubaya ni pale anayesoma ripoti anaposahau kwamba ilikuwa biashara.

Chini yake kuna tatizo la ndani zaidi. Kimelea cha falsiparumu, kinachotawala bondeni hapa, huishi ndani ya chembe nyekundu kwa saa kama 48 kabla hakijaipasua. Kikishavuka nusu ya muda huo, chembe iliyokibeba hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ya ubongo ikiwemo, na haizunguki tena. Damu ya kidole huonyesha vichanga tu. Mtoto anaweza kusomwa vichache asubuhi na vingi jioni bila ugonjwa wake kubadilika, kwa sababu kizazi kilichokuwa kimejificha kimezaa. Hapo hata msomaji kamili, mwenye mashine ya chembe nyeupe pembeni, amepima kwa usahihi kitu ambacho si kile daktari alichotaka kujua.

Mtu asiyejali haya anaweza kufika mbali sana na ukweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulichukua slaidi zilizosomwa kwa utaratibu wa kawaida katika vituo vya umma vya Dar es Salaam. Vituo vilikuwa vimesema zaidi ya nusu yake zina vimelea. Wasomaji wabobezi walipozirudia, walivikuta katika asilimia mbili tu. Sidhani ni uvivu. Msongamano, rangi chafu, lenzi yenye ukungu, na mazoea ya miaka mingi kwamba mwenye homa lazima ana malaria: vyote hivyo vinavuta upande mmoja. Makosa ya bahati yangetawanyika pande zote. Haya yalikuwa na mwelekeo.

Idete, ndani ya bonde hilihili, hesabu hii iliwahi kubeba mzigo wa dunia. Chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilijaribiwa huko kwa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, na matokeo yalichapishwa na Pedro Alonso na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 1994. Kwa kuwa watoto wengi walibeba vimelea bila kuumwa, ugonjwa ulibidi uwekewe mpaka: homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, pamoja na vimelea zaidi ya 20,000 kwa mikrolita. Kwa lugha ya benchi la zahanati, hiyo ni malaria 500. Mtoto wa 490 alikuwa upande mmoja wa jedwali, wa 510 upande wa pili, na msomaji hakujua nani kachanjwa na nani kapewa sindano isiyo na chanjo hiyo. Chanjo ilionekana kuzuia asilimia 31 ya ugonjwa.

Kinachonifanya niheshimu kazi ile ni kilichoandikwa kando ya 31. Watafiti walisema ukweli unaweza kuwa popote kati ya sifuri na 52. Ile 31 ikasafiri magazetini peke yake, imevuliwa mabano yake, na watu wakaijengea matumaini. Jaribio jingine la chanjo hiyohiyo kwa watoto wachanga wa Ifakara, lililochapishwa mwaka 1999, lilipata asilimia mbili. Chanjo ikaachwa. Anayerudi leo kwenye ripoti ya 1994 ataona kwamba haikudanganya. Sifuri ilikuwa imeandikwa mle ndani tangu siku ya kwanza.

Slaidi za utafiti wa namna hiyo husomwa na watu wawili wasioonana na wasiojua mwenzake amepata nini. Wakipishana kwa zaidi ya asilimia 25, au mmoja akiona vimelea na mwingine asione, huja wa tatu, na huchukuliwa wastani wa hesabu mbili zinazokaribiana zaidi. Utaratibu mzuri ni kwamba wa tatu hajui kuwa ni wa tatu. Slaidi huchanganywa na nyingine ili asije akasuluhisha ugomvi badala ya kusoma damu.

Lakini watatu wote wakiwa wamefundishwa na mwalimu mmoja, wanaweza kukosea pamoja kwa uthabiti wa kupendeza. Dawa yake hutoka nje: seti ya slaidi zenye majibu yaliyothibitishwa kwingine, na wabobezi wengi na kwa kipimo cha vinasaba. Kwa seti hizo Shirika la Afya Duniani huwapa wasomaji madaraja. Ili uitwe mbobezi wa daraja la kwanza, lazima usikosee zaidi ya slaidi moja katika kumi kwa kusema vimelea vipo au havipo, na vivyo hivyo kwa kutaja aina yake. Kwenye idadi masharti hulegea ghafla: hesabu yako inatakiwa iwe ndani ya asilimia 25 ya jibu, na hilo utimize kwa nusu ya slaidi tu. Mbobezi wa juu kabisa anaruhusiwa kuwa nje ya mpaka huo mara moja katika kila mbili. Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilidhani ni ulegevu. Sasa naona iliandikwa na watu waliowahi kuketi kwenye stuli.

Kipimo cha haraka kimechukua sehemu kubwa ya kazi hii zahanatini, na ni sawa: ni rahisi, hakihitaji umeme, na mhudumu mmoja anaweza kupima foleni nzima. Kinasema ndiyo au hapana. Mstari wake una dakika zake za kusomwa, zikipita hauaminiki, na kikasha hutupwa. Kinaweza pia kusema ndiyo wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa kinatafuta protini ambayo kimelea huiacha nyuma.

Slaidi haitupwi. Hufutwa mafuta siku ileile, maana yakiachwa hula rangi, kisha huingizwa kwenye sanduku lenye mifereji pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, namba yake ikiwa imeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huondoka na spiriti. Miaka mingi baadaye mtu mwingine anaweza kuitoa, kuitia tone la mafuta, kuhesabu upya kutoka chembe ya kwanza, na kumkosoa msomaji ambaye alishastaafu.